Nguo Nyeupe ya Damari

Damari alisikia nguo ikichanwa kabla hajamwona anayeichana. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye lori lililomtoa Issuna, mzigo wake kichwani, anakuja kuwaona mwanawe na mkwewe pale Mkiwa, njia panda. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Krrr. Kimya kidogo. Krrr.

Alipozunguka alimkuta Asnath, mke wa mwanawe, amekaa mkekani kanyoosha miguu, gauni jekundu kalibana chini ya goti, analipasua kuanzia pindo kwenda juu kama mtu anayechuna mbuzi.

"Shikamoo mama! Karibu! Mbona hukutuma salamu, Lazaro angekungoja barabarani."

"Marahaba." Damari hakutua mzigo. "Asnath, mwanangu, mmegombana na mume wako?"

"Na Lazaro? Hapana mama. Kwa nini?"

"Sasa nguo unazichania nini?"

Asnath alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakuna aliyegombana na mtu. Hizo zilikuwa nguo za mtumba, alisema, marobota yalikuwa yanashushwa Singida mjini kila wiki, na zile zisizopata mnunuzi zinauzwa kwa bei ya bure. Yeye anazichana ziwe kanda nyembamba, anazizungushia kwenye kamba ya katani, kisha ile kamba anaikunja duara juu ya duara na kuishonea kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Kinatoka kikapu. Abiria wa mabasi wanavigombea.

"Ni vile vile ulivyonifundisha wewe, mama, nilipoolewa. Ila wewe ulitumia nyasi."

Damari aliitazama kazi. Kitako kilikuwa kimekaa sawa, mishono imebana. Hapo hakuwa na la kusema. Lakini macho yake yalirudi kwenye gauni.

"Hili ni zima. Halina hata tundu."

"Lina tundu moja kubwa. Ona." Asnath aliligeuza. Mgongo haukuwapo kabisa, palikuwa na vikamba viwili tu. "Nani atalivaa hapa? Mchungaji akiniona nalo atanifuta ubatizo."

"Ungeweka kiraka," alisema Damari, na hakucheka.

Ilikuwa mwaka themanini na saba, na kijijini kwake Issuna bado watu walikuwa wanavaa kwa tahadhari, kama nguo inaweza kuombwa irudishwe. Miaka michache nyuma hapakuwa na nguo nchini. Si kwamba zilikuwa ghali, hazikuwapo. Damari alikuwa na kanga moja, akiifua usiku na kuivaa asubuhi ikiwa bado na unyevu. Shule ilikuwa na watoto waliokaa nyumbani kwa zamu kwa sababu kaptula ya ndugu wawili ilikuwa ni moja. Mtu aliyepita katika miaka hiyo akiona nguo nzima inachanwa, mwili wake unashtuka kabla akili haijauliza.

Kwa hiyo akaanza kuokoa. Asnath akienda kuteka maji, Damari aliinama kwenye rundo, akachagua nguo ambazo hazikustahili kuuawa: koti dogo la sufu, sketi ya bluu, shati la mwanamume lenye vifungo vyote. Alizikunja vizuri na kuzisukumia ndani ya mzigo wake, juu ya vitu vyake mwenyewe. Hakuona kuwa ni wizi. Mtu akimtoa mtoto kisimani haitwi mwizi wa watoto.

Jumatano akaenda na akina mama kwenye maombi. Alirudi jua likiwa kali, akamkuta Asnath mkekani pale pale, na kikapu kimepanda hadi kimo cha nusu mtungi. Kilikuwa chekundu, na katikati ya wekundu unazunguka mkanda mweupe, safi, unaong'aa kama chumvi.

"Hiki kitapendwa," alisema Damari kwa moyo wote. Alipitisha kidole juu ya ile mizunguko. "Weupe huu umeupata wapi?"

"Kwa mwizi wangu!" Asnath aliruka kwa furaha. "Mama, leo nimemkamata. Nafagia chumbani, najiuliza mzigo wa mama umenenepa lini, naye hapa anakula ugali kidogo tu? Nafungua, nakuta koti langu, sketi yangu, shati langu, na lile shuka jeupe chini kabisa. Hilo hata sikumbuki lilikuja na robota gani. Nikasema, Mungu ameona nahitaji nyeupe."

Kidole cha Damari kilibaki juu ya kikapu.

"Lililokuwa chini kabisa," alisema.

"Lililofungwa kwa kitambaa cha kanga. Ndiyo."

"Umelichana lote?"

"Lote, mama. Mbona... mama? Kaa chini. Mama!"

Damari alikuwa amekaa tayari, ila hakujua amekaaje. Asnath alimletea maji, yalimwagika kifuani.

"Halikuwa shuka," alisema mwishowe. "Ni sanda."

Asnath aliitupa shazia kana kwamba imemng'ata. Akaitazama mikono yake. Akavitazama vipande vyeupe vilivyozagaa mkekani, kimoja kimemnata kwenye goti, akakipukuta kwa kiganja, tena na tena, hata baada ya kudondoka.

"Sanda ya nani?" alinong'ona.

Lazaro aliitwa kutoka barabarani, ambako alikuwa anaziba pancha za malori. Alikuja mikono imejaa mpira na mafuta, akaelezwa, na akakasirika kwa hofu. "Mama, unaumwa nini? Mbona hukutuambia? Mtu mzima mwenye afya anatembeaje na sanda yake?"

"Siyo yangu. Nilikuwa naipeleka tu."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yako."

Hapo ndipo jambo ambalo Issuna nzima ililijua na Lazaro hakuwahi kuambiwa lilipotoka. Baba yake, Fabiano, alikufa mwaka themanini na tatu. Lazaro wakati huo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya katani Tanga. Mabasi hayakuwa na dizeli, na alipofika alikuta kaburi limeshapandwa mawe. Aliuliza mazishi yalikwendaje, wakamwambia yalikwenda vizuri.

"Hatukuwa na nguo," alisema Damari. "Baba yako mdogo aliandikiwa kibali na balozi wa nyumba kumi, akapeleka kwa katibu kata, akagongewa muhuri, dukani wakasema hakuna. Nikavua kanga yangu niwape. Wazee wakanirudishia, wakasema, wewe utabaki na nini? Jua lilikuwa kali, Lazaro. Hatukuweza kungoja."

"Mkamzika na nini?"

Damari aliitazama ile shazia pale chini.

"Mama. Mlimzika baba na nini?"

"Magunia. Tuliyapasua mawili. Niliyashona mimi, kwa sindano yangu ya vikapu, kwa sababu wengine mikono iliwatetemeka."

Lazaro alichuchumaa, akajishika kichwa kwa ile mikono yenye mafuta. Barabarani mwenye lori alikuwa anapiga honi kudai gurudumu lake, na hakuna aliyegeuka.

Nguo ilikuja, Damari alimalizia. Ilifika kwenye duka la ushirika wakati nyasi zimeanza kuota kaburini. Kibali kilikuwa na jina la Fabiano, wakampa. Tangu siku hiyo aliitunza, popote alipokwenda alikwenda nayo, ili afe nayo mkononi, avikwe, na huko aendako amfikishie mwenyewe. "Sasa nitamfikishia nini? Kikapu?"

Usiku huo Asnath alijaribu kukifumua kikapu. Asubuhi kanda nyeupe zilikuwa nyuzi tupu.

Wakapanda basi la Singida wote watatu, na njiani Damari alirudia jambo moja tu: wanapoteza nauli, nguo kama ile haipatikani bila kibali. Alikuwa ameona mitumba, ndiyo. Nguo mpya ni habari nyingine.

Dukani kwa mtu aitwaye Idrissa, karibu na soko, Damari alisimama mlangoni akakataa kuingia. Majora ya nguo yalisimamishwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Bafta nyeupe peke yake ilijaza kona nzima. Hakuna foleni. Hakuna mgambo. Paka alikuwa amelala juu ya jora.

"Zote hizi za nani?" aliuliza.

"Zako, mama, ukitaka," alisema Idrissa. "Siku hizi ruksa."

"Kibali anatoa nani?"

Kijana mmoja mteja alicheka. Idrissa hakucheka, alikuwa na umri wa kukumbuka. "Hakuna kibali, mama. Miaka miwili sasa."

Damari aliingia taratibu, akagusa jora la kwanza, la pili, akazika mkono wote katikati yao mpaka kwenye kiwiko. "Miaka miwili," alisema. "Na mimi nalala nayo kichwani kama mto, wasiniibie."

"Tupimie bafta, kaka," Asnath alisema upesi. "Ya sanda. Ya mama huyu hapa, lakini si msiba, ni ya kuweka tu..."

"Yangu mniache," Damari alimkatiza. "Yangu mtanunua siku yenyewe. Si zimejaa? Pima ya mwanamume."

Idrissa alishusha sauti. "Poleni sana. Amefariki lini?"

"Themanini na tatu."

Mkasi wa Idrissa ulibaki wazi hewani. Yule kijana aliacha kucheka.

"Hatumfukui, msinitazame hivyo," Damari alisema. "Nguo tutaifukia juu juu kaburini, upande wa kichwa. Alikuwa mrefu. Mpime huyu hapa, ni mwanawe."

"Mama, jamani!" Asnath alimshika mumewe mkono. "Mtu hai hapimwi sanda!"

Lazaro aliutoa mkono wake polepole. Akavua kofia, akasogea kaunta, akasimama wima, visigino pamoja.

"Pima," alimwambia Idrissa.

Idrissa alisema bismillahi, akaikunjua bafta kutoka utosini mwa Lazaro hadi sakafuni, akaweka alama kwa chaki.

"Ongeza," alisema Damari. "Baba yake alimzidi kichwa kizima."