Nyumba Aliyoifunga Baba kwa Mbao

Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na nyasi hunirudisha Kolwezi, mji wa mgodi huko Katanga, kiangazi kile tulipofukuzwa. Mgodi ulikuwa umedorora, na watu wenye hasira wakaamua kwamba makosa ni yetu sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai. Tulitolewa katika nyumba ya kampuni nilimozaliwa. Jamaa zetu wengi walikwenda kungoja treni ya kurudi Kasai, baba akakataa. Mama alikuwa mwenyeji, mtu wa kaskazini mwa Katanga, na dada yake akatupa kipande cha ardhi pembezoni mwa mji, katika mtaa ambao hakuna aliyewahi kuupima, ambako kila mtu alijijengea kwa matofali yasiyochomwa.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, akisimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke. Kwa hiyo hakujenga kama wengine. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, na tena chini ya paa, alilaza mbao kuukuu kuizunguka nyumba yote, akazikaza kwenye pembe kwa waya. Mimi, binti wa miaka tisa, nilisokota waya kwa koleo hadi viganja vikatoka malengelenge. Jirani yetu Kabwe, ambaye kwa heshima tulimwita Tata, yaani baba, fundi aliyejenga nusu ya mtaa, alisimama kututazama.

“We Mukasai, unafunga nyumba sawa mbuzi? Inataka kukimbia?”

“Udongo inatikisikaka, tata,” baba akajibu. “Mi niliisikia kule chini.”

“Utaiacha tu. Murudie kwenu.”

Baba akanipa waya mwingine.

Mvua zilikuwa zimeanza; asubuhi moja, mama akisonga bukari, ugali wetu wa kule, sufuria zikaanza kugongana zenyewe. Tulidhani ni baruti za mgodini, lakini mtikisiko haukukoma. Tukakimbia nje. Kuta za mtaa zilianguka moja baada ya nyingine, vumbi likafunika kila kitu. Nyumba yetu ililia, ikayumba, ikabaki imesimama. Ya Tata Kabwe ilikuwa chini, na mkewe na mtoto wao mchanga wamo ndani. Baba ndiye aliyefika wa kwanza. Alichimba kwa mikono, bega kwa bega na Kabwe, hadi mke wa Kabwe akatoka akikohoa, mtoto akilia kifuani pake. Sijasikia tena kilio kitamu namna ile.

Kesho yake Kabwe alikuja na mtaa mzima nyuma yake, kofia mkononi.

“Tata,” alimwambia baba, akimwita hivyo kwa mara ya kwanza, “tufundishe na siye.”

“Mulete mbao,” baba akasema, na mama akapiga vigelegele.

Leo ninaishi Lubumbashi, katika nyumba ya saruji yenye hati kwa jina langu, na hakuna awezaye kunitoa. Lakini sijawahi kuwa kwetu kama nilivyokuwa msimu ule, katika mtaa usio na ramani, wanaume wazima walipokuwa wakiniita mimi mtoto kwenye kila pembe ya ukuta, nije nikague kama waya umekazwa sawasawa: “Mama, kuya uangalie. Njo vile?”