Shati la Bafta

Hadi leo nikisikia harufu ya karafuu maiti, hugeuka kutazama mlango. Wenzangu huwakumbusha misiba. Mimi hunikumbusha mashindano ya barafuni, na tafadhali msinicheke.

Mjomba Salimu, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa akisoma ng'ambo, kwenye theluji. Huko yeye na wenzake watatu walijiunga na mbio za kigari cha chuma: mnakisukuma, mnarukia ndani, kinateremka kwenye mfereji wa barafu kwa kasi ya kutisha. Wangeshindana kwa jina la Tanzania. Likizo moja alipokuja kwetu Nguvumali, Tanga, alifanya mazoezi kwenye mteremko wa Raskazone juu ya ubao wa magurudumu ya beringi, sisi watoto tukimsukuma. Watu walicheka. Bibi hakucheka.

"Huko mtu akifa," aliuliza, "nani atamwosha?"

Miaka ile madukani mlikuwa na rafu tupu na mwenye duka. Mjomba alitaka shati jeupe la siku ya mashindano, akazunguka mji mzima, akarudi mikono mitupu. Nikamwonea huruma. Nami nilijua bafta nyeupe ilipo: chini kabisa ya sanduku la Bibi, imekunjwa na karafuu maiti. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua anaitunza, sikujua anaitunzia nini.

Fundi cherehani niliyempelekea aliinusa, akanikazia macho. "Nani kakutuma?"

"Bibi." Uongo mtupu!

Akashona. Mabaki ya kitambaa, ambayo siku zote hujichukulia, alinirudishia yote.

Siku ya safari Mjomba alitoka amelivaa shati lile. Bibi alimkumbatia, akanusa bega lile, akanusa tena, akakakamaa. Akaniangalia mara moja tu.

"Limekupendeza, mwanangu," akamwambia. "Nenda, Mungu akurudishe salama."

Mchana ule mama aliyakuta mabaki chini ya mto wangu. Akashika kichwa. "Mtoto we! Umemvisha mjomba wako sanda ya Bibi!"

Tangu hapo, kila nikisikia kengele ya baiskeli ya mleta simu za maandishi, nilijitosa uvunguni mwa kitanda. Nilikuwa na hakika nimemuua Mjomba.  Bibi alihamishia mkeka wake mlangoni, akawa anashinda hapo akisuka ukili wake.

Simu ikaja. Kigari kilipinduka, Mjomba kavunjika mguu, yu hai. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wiki mbili baadaye, alfajiri, hakuamka.

Mama alilia kwa kifo, akalia tena kwa sanda, maana Tanga nzima bafta hakuna. Ndipo akaingia jirani yetu, Bi Mwanahamisi, na furushi jeupe.

"Hii sanda yangu," akasema. "Marehemu aliniomba siku aliyoondoka Salimu. Akanisihi, mtoto asigombezwe."

Baadaye biashara ikafunguliwa, bafta ikajaa madukani kwa majora. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia Bi Mwanahamisi nyingine, nikaiweka mwenyewe sandukuni mwake.

Lakini mkeka ule mlangoni nimeuelewa ukubwani. Bibi angeweza kumwambia Mjomba "Vua." Hakutaka aende na hofu, akaibeba yeye. Na kengele ilipolia, mimi nikijificha uvunguni, yeye alikuwa amekaa pale ili habari ya kifo, ikija, imkute yeye kabla haijanifikia mimi.