Mahojiano ya Chuo na Hina Mbichi Mikononi

Naisimulia mwenyewe, kwa sababu mkingoja kusimuliwa na watu wa Msambweni mtatiliwa chumvi, na aibu niliyoipata siku ile ilikuwa kubwa ya kutosha bila kuongezwa na mtu. Mpaka leo nikipita sokoni wako akina mama wanaoniita Bi Mahojiano, nami huitika, nitafanyaje.

Mimi kwetu ni Bujumbura. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huko, shule ya sekondari, na nilikuja Kenya kumfuata mume wangu Deo, aliyekuwa amepata kazi ya upishi katika hoteli moja Diani. Tukapanga vyumba viwili Msambweni kwa mama mmoja mjane anayeitwa Bi Mejumaa, nami nikapata vibarua vya kufundisha Kifaransa vijana wanaotafuta kazi za hoteli. Lakini nilichokitaka hasa ni kusoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, hukuhuku Pwani. (Deo aliniuliza mara moja tu, kwa upole, kama sina masomo mengine ya kutamani, maana Mrundi kwenda kuwasomea Waswahili Kiswahili chao ni sawa na kuwapelekea nazi.) Mwaka wa kwanza nilipoomba nikakataliwa, vyeti vyangu vilikuwa vya Kifaransa na hakuna aliyejua avipime vipi. Nikavitafsirisha, nikapanda na kushuka Kwale kutafuta mihuri, nikaomba tena, na safari hii chuo kikaniandikia kwamba nitafanyiwa mahojiano kwa simu, ya kuonana nyuso, Jumamosi saa nane mchana. Nilijua kwamba nikiikosa nafasi hii sitaomba tena. Moyo ulikuwa umechoka.

Sasa Jumamosi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa siku ya hina ya Riziki, binti mkubwa wa Bi Mejumaa. Turubai limefungwa uani tangu Ijumaa, spika mbili zimesimama kama makabati, na kwa kuwa mpiga muziki alichelewa kufika, jioni ile ya Ijumaa simu yangu ndiyo iliyounganishwa na zile spika, bila waya, ili wanawake wapate taarabu ya kuanzia. Nilifurahi kusaidia. Kisha nikasahau kabisa.

Asubuhi ya Jumamosi Bi Mejumaa akaja mlangoni kwangu.

"Mwanangu, njoo upakwe hina kidogo. Bibi harusi ni dada yako, utakaaje na mikono mitupu?"

"Mama, leo nina mahojiano ya chuo."

"Si saa nane? Hina yakauka mapema. Kidole kimoja tu, kwa ajili ya kheri."

Nikakubali kidole kimoja, na huo ndio uamuzi wenyewe, hakuna mwingine wa kulaumu. Maana fundi wa kupaka hina alikitazama kile kidole akasema kidole kimoja kinafanana na cha mtu aliyechovya mchuzi akakimbia, akaongeza cha pili, akaona maua yanadai kufika kwenye kifundo, yakapanda mpaka karibu na kiwiko, na mkono wa pili ukaonewa huruma kwa kubaki mtupu, nao ukapakwa, kisha mtu nisiyemjua akanivua viatu huku tukizungumza habari za pilau, na nilipotahamaki nimeketi mkekani mikono na nyayo zimejaa hina mbichi, zimefungwa vitambaa vya leso kuukuu, natikisa kichwa kwa taarabu kama mtu asiye na neno duniani.

Simu ikalia. Mwanasha, mdogo wake Riziki, akanisomea ujumbe kwa sauti: jopo limemaliza mapema na waombaji wengine, kwa hiyo wananiomba niwe tayari baada ya nusu saa.

Mtaniuliza kwa nini sikunawa. Kila mtu huniuliza. Ukweli ni kwamba nilimtazama yule mpaka hina, ule mgongo wake alivyokuwa ameuinamisha juu ya mikono yangu asubuhi nzima, nikaona haya, na nikajiambia (nikijiona mwerevu kweli) kwamba mahojiano hufanywa kwa mdomo, si kwa mikono.

Basi Mwanasha akanisindikiza chumbani, mimi natembea kwa visigino kama bata, akanivisha koti langu la heshima juu ya leso, akaniegemezea simu kwenye kopo la biskuti, akabonyeza pale pa kubonyeza, akatoka na kunifungia mlango ili nisisumbuliwe. Kwenye kioo cha simu wakatokea watu watatu: mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani, ndiye mwenyekiti, na wanaume wawili kando yake. Mama akafungua mdomo. Sikusikia kitu. Akafungua tena. Kimya. Kisha kutoka nje, kutoka kwenye zile spika mbili, juu ya turubai na juu ya mtaa mzima, ikaja sauti nzito kama ya kutangaza msiba:

"Bi Esperansi, unatusikia?"

Na wanawake wote chini ya turubai wakajibu pamoja, "Twakusikia."

Nikataka kuzima ule muunganisho na mikono sina. Nikajaribu kwa kiwiko, simu ikaanguka kifudifudi. Nikapiga magoti, nikaigeuza kwa kidevu, nikabonyeza kwa pua, na pua haina shabaha, ikabonyeza nisipopajua, na jopo likaanza kuonyeshwa uvungu wa kitanda changu na viatu vya kazi vya Deo. Huko nje spika zikawa zinauliza kwa utaratibu, "Bi Esperansi, hapo ni wapi?" Nikakimbilia mlango, mlango una kitasa cha kuzungusha. Nikaugonga kwa paji la uso.

Aliyeufungua ni Bi Mejumaa. Akanitazama, akaitazama simu iliyoko chini, akasikiliza spika zinavyoliita jina langu, akaelewa. Mwanasha akaja kujaribu kutenganisha simu na spika, akabonyeza huku na huku, mahojiano yakakatika, yakarudi, na sauti bado iko nje. Machozi yalikuwa yananitoka na sina mkono wa kuyafutia. Nikasema basi, mama, hii imekwisha, nitawaandikia kuomba radhi.

Bi Mejumaa akanifuta uso kwa upindo wa leso yake.

"Sauti iko wapi?"

"Iko nje, mama."

"Basi twende nje."

Ndivyo nilivyofika kwenye mahojiano yangu ya uzamili: koti juu, leso chini, nyayo nimezinyanyua, nimeshikwa bega na Mwanasha, mbele yangu Bi Mejumaa ameinua simu kwa mkono mmoja. Turubai zima lilikuwa limejaa, na bibi harusi amekaa katikati, amefunikwa. Ngoma zilikuwa zimeanza kupigwa. Bi Mejumaa hakupaza sauti. Alisema tu, "Nyamazeni kidogo. Mpangaji wangu ana mtihani." Na nawaambia kweli, nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulinyamazisha darasa namna ile. Wapiga ngoma wakalaza mikono juu ya ngozi. Mama mmoja akamtia mtoto titi. Riziki mwenyewe, ambaye siku ile ilikuwa yake na si ya mtu mwingine, akainua upande wa mtandio, akanitazama, akasogea mkekani kunipisha nikae.

Mwenyekiti akaomba nieleze kilichotokea. Nikaeleza, maana nitaficha nini na watu wote wale wako nyuma yangu. Mmoja wa wale wanaume, aliyekuwa na ndevu za kunyolewa vizuri na uso usiocheka, akasema mahojiano yana utaratibu wake. Mwenyekiti akasema utaratibu tutaufuata, maadam mwombaji yupo. Kisha yule wa ndevu akauliza swali lake:

"Bi Esperansi, wewe ni mgeni. Kwa nini uje kusoma Kiswahili hapa?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikasema, "Kwani Kiswahili kina mlango?"

Nilitamani ardhi inimeze na mkeka wake. Yule bwana akauliza ni nani aliyejibu. Wanawake wakatazamana kama wanafunzi, hakuna aliyemtaja mwenzake. Nikajibu nilivyoweza, nikatumia maneno mazito niliyoyakariri wiki nzima, mofolojia na isimujamii, na kila nilipotaja neno moja nilisikia mtu akilirudia polepole nyuma yangu, akilionja. Nikazidi kuchanganyikiwa. Nikakwama katikati ya sentensi.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Hebu acha hayo kwanza. Ulikuja huku tayari unakijua Kiswahili, ulikifundisha. Ni kitu gani umejifunza hapa ambacho vitabuni hukukipata?"

Hapo sikuwa nimekariri chochote. Nikasema kwamba neno shikamoo nilikuwa nikiliandika ubaoni kila mwaka, lakini kinywani mwangu halikuwa na mazoea. Nilipohamia Msambweni, kila asubuhi nilimsalimu mwenye nyumba wangu, "Habari, mama," mtu mzima kuliko mama yangu mzazi. Naye hakunisahihisha, wala hakununa, wala hakumwambia jirani. Kila asubuhi alinijibu, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba nimesema shikamoo. Alinijibu kitu nilichopaswa kukisema, mpaka siku moja nikakisema. Nikawaambia jopo kwamba ualimu wa namna ile sijauona chuoni, kumfunza mtu bila kumfanya ahisi kwamba hakujua, na kwamba nataka kusoma jinsi watu wa huku wanavyofundishana adabu ndani ya maneno.

Nilipomaliza niliona picha kwenye kioo inatetemeka. Nikadhani ni mtandao. Alikuwa Bi Mejumaa. Muda wote ule alikuwa ameishika simu juu, akibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia kwa kichwa. Sasa alikuwa ameuma mdomo, anatazama pembeni.

"Huyo anayekushikia simu," akasema mwenyekiti, "ndiye huyo mwenye nyumba?"

"Ndiye."

"Shikamoo, mama," ikasema ile sauti kutoka kwenye spika.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mejumaa akajibu, akaigeuza simu mpaka uso wake mwenyewe ukajaa kiooni. "Huyu ni mtoto wangu. Akisoma usiku mimi naiona taa yake. Mpeni nafasi yake, nasi turudi kwenye hina."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilipita kwenye simu yangu, vikaenda chuoni, vikarudi kwenye spika vikiwa vimeongezeka maradufu, na katika zogo lile nikamwona yule bwana wa ndevu akiinamisha kichwa mezani, mabega yanacheka. Mwenyekiti akasema nitajulishwa. Sikusikia vizuri, nimeambiwa baadaye na mtaa.

Aibu haikuishia hapo. Kulikuwa na simu nyingine chini ya lile turubai, na Jumatatu nilipoingia darasani Diani wanafunzi wangu wote walikuwa wameshaniona nikiugonga mlango kwa paji la uso (hiyo sehemu sijui nani aliichukua, dirishani labda), na mmoja akaniuliza kwa Kifaransa safi, cha kunitia fahari, kama hina imekauka. Deo naye alioneshwa jikoni hotelini na wapishi wenzake. Alirudi nyumbani, akakaa, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema hajawahi kunisikia nikizungumza vizuri vile.

Chuo kilinikubali. Siku ya kuripoti, mwenyekiti aliniomba nimwoneshe viganja, na rangi ilikuwa imebaki kwenye kucha tu. Jioni nilimpelekea Bi Mejumaa habari, akaitikia alhamdulillahi, akaniuliza kama nimekula.

Nami niliapa, na naapa tena mbele yenu: siku ya mtihani sipakwi kitu, hata mafuta. Nimekwisha kujaribiwa. Mwezi uliopita Mwanasha naye amechumbiwa, na siku ya hina iliyopangwa ikaangukia katikati ya mitihani yangu ya mwisho wa mwaka. Nikamwendea Bi Mejumaa nikiwa nimejiandaa vizuri, nikamwamkia, nikamweleza kwamba safari hii, mama, kwa heshima zote, nitakosa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Huwezi kukosa," akasema. "Tumeshaisogeza harusi."