Kasoro Alizoziacha Jal

Atabo hakulia. Watu wa mtaa wake wa Kanamkemer, hapo Lodwar, walishamsema wakachoka: rafiki yake Jal amezikwa Kakuma, naye anafungua kibanda chake cha kutengeneza simu asubuhi, anafunga jioni, uso mkavu. Walitaka ajigaragaze? Machozi hayaagizwi kama soda. Hakusikia uchungu, hakusikia njaa, hakusikia chochote, basi.

Huyo Jal, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alifundisha vijana kompyuta kambini kwa zile programu za bure zinazotengenezwa na watu wa kujitolea kote duniani. Wanaozifungasha tayari kuwekwa kwenye kompyuta husahau vitu vidogo: faili moja imeachwa nje, au programu inadai mtandao katikati ya kuwekwa. Mwenye mtandao wa kutosha hata hagundui. Kakuma, ambako mtandao huja ukipenda, kompyuta inagoma na darasa zima linabaki kutazamana. Basi Jal aliandika kila kasoro aliyokutana nayo, akaziweka akiba azitume siku mtandao utakapotulia. Malaria haikuingoja siku hiyo.

Baada ya mazishi, mama yake Jal alimkabidhi Atabo laptopu ya marehemu.

"Hii kazi yake, maliza wewe," alimwambia. "Mimi sijui kusoma, lakini jina yake iko hapo ndani."

Atabo akaibeba hadi Lodwar, akaifungua kibandani. Lo! Kasoro zilikuwa rundo. Akasoma ya kwanza: Jal ameingia kwenye kosa moja kwa moja, hata hujambo hakuna. Aibu gani hii? Nyumbani kwao Atabo, hata ukimfuata mtu aliyekuibia mbuzi, unaanza na salamu, ejok, unauliza watoto, unauliza mvua, ndipo mbuzi. Mwacha mila ni mtumwa. Akatunga salamu moja nzuri kwa Kizungu, akaibandika juu ya kila ripoti, kisha akazituma zote kwa mkupuo kwenye tovuti ya watengenezaji, kwa akaunti ya Jal.

Kufikia mchana akaunti ilikuwa imefungwa. Wasimamizi wa tovuti waliandika kwa adabu kavu: ujumbe mwingi namna hii, wote ukianza kwa maneno yaleyale, tena ukiuliza watu wasiojuana habari za mvua, hii lazima ni mashine. Mwenye akaunti asipojitokeza hadi kesho, kila alichowahi kuandika kitafutwa.

Kila kitu, cha sasa na cha miaka yote. Atabo alisoma tena, akangoja kifua kimuume. Hakikuuma. Alijua tu kwamba mama wa watu alimpa jina la mwanawe alishike, naye amelitupa kwa wingi wa heshima zake.

Aseme ukweli? Alichungulia kanuni zao. Akaunti ya marehemu hufungwa, na ripoti isiyo na mtu wa kujibu maswali huwekwa kando, kosa likabaki palepale. Aseme uongo? Na yeye ni mwanakwaya! Alimrudishia mteja simu yake, akaketi, akaandika: "Mimi si mashine. Mimi ni Jal. Nilikuwa nawasalimu tu." Akaituma.

Wakamfungulia. Kesho yake majibu yakaanza kumiminika. Asante, Jal. Umeona vizuri, Jal. Tumerekebisha, Jal, hebu jaribu huko kwako. Alizima mtandao, akajaribu programu, ikakubali. Akawajibu mmoja mmoja kwa jina lile, bila kuhisi kitu, kama mtu anayechambua maharagwe.

Jioni mama yake Jal akapiga simu.

"Ile kazi imefika?"

"Imefika, Mama. Wanamshukuru. Wanamuuliza maswali, mimi nawajibu."

Upepo wa Kakuma ulisikika ukivuma ndani ya simu.

"Hao watu wanajua amekufa?"

"Hapana, Mama. Niliwaambia mimi ndiye yeye. Nisamehe."

Atabo alingoja kugombezwa. Mama alivuta pumzi ndefu.

"Basi usiwaambie, mwanangu. Wacha waendelee kumwita."

"Sawa, Mama."

Alipokata simu, mteja alikuwa mlangoni na simu iliyopasuka kioo, akitaka ahudumiwe upesi. Atabo alikuwa ameshafungua jibu lililofuata. Akamwambia asubiri kidogo, Jal anaitwa.