Mama Aliyekuja Bandani Muhuru Bay

Kama unadhani mambo haya hutokea usiku tu, nisikilize mimi. Niliyaona mchana, jua la Muhuru Bay likichoma mabati, nikiwa na akili zangu zote.

Shemeji yangu Odhiambo, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyenishawishi tufungue banda la kununua ngozi kule ufuoni. Watu wote walikuwa kwa samaki na omena, wale dagaa wa ziwani. Ngozi waliwatupia mbwa. Tukaanza na za mbuzi na kondoo. Tunazipaka chumvi, tunazikausha, mzigo ukitosha tunaupeleka Migori mjini. Biashara ikashika.

Kisha wavuvi wakaanza kuleta ngozi za fisimaji, yule mnyama wa ziwani mwenye manyoya laini anayewararulia nyavu. Odhiambo akapata mnunuzi ng'ambo ya mpaka.

"Shem, hiyo ni kesi," nikamwambia. "Serikali ikitupata nazo tumekwisha."

Akacheka. "Serikali iko mbali. Manyoya yako hapa."

Siku hiyo alikuwa akizipanga ngozi hizo kwenye gunia, mimi nasugua chumvi kwa za mbuzi. Akaingia mama mmoja bila hodi. Nguo zilikuwa zimelowa, zinachuruzika, na mvua hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Nikadhani boti imezama.

"Karibu, mama. Umepatwa na nini?"

"Nyar Suna," akaniita. Binti wa Suna. Ni kweli nilizaliwa Suna, lakini huyo mama sikuwahi kumwona maishani. "Namtafuta mtoto wangu. Nimeambiwa yuko kwenu."

Kabla sijajibu alishapiga magoti penye gunia. Akawa anatoa ngozi moja moja, anaiwekea kiganja kama unavyompima mtoto homa. Ngozi iliyokauka na chumvi ni ngumu kama ubao, si unajua? Akafikia moja ndogo, akaiweka kifuani.

Ikalainika. Niamini. Ililegea mikononi mwake, ikajikunja shingoni pake, na manyoya ya mgongo yakaanza kupanda na kushuka polepole, kama ya kitu kinachopumua usingizini.

Nikamshika Odhiambo mkono. "Mwache aende nayo!"

Sijui yeye aliona nini. Labda aliona mtu anachukua mali yake tu. Akamnyang'anya, na mikononi mwake ikawa ubao tena.

"Mama, hapa ni biashara."

Hakulia, hakutukana. Alimtazama Odhiambo kuanzia nywele hadi miguu, vile sisi tunavyomtazama mbuzi mnono sokoni.

"Sawa," akasema. "Na ngozi yako ni nzuri."

Akatoka. Nilipomfuata nje, ufuo ulikuwa mtupu.

Asubuhi Odhiambo aliamka anajikuna. Mikono ilikuwa na unga mweupe. Nikaugusa kwa ulimi: chumvi. Tukaosha, kesho yake ikarudi. Ngozi ikaanza kukaza viwikoni, magotini, hadi midomoni. Hospitali walipima kila kitu wakasema hana ugonjwa. Nami nililibeba lile gunia, nikaingia ziwani hadi kiunoni nikazimwaga ngozi zote, nikimwita yule mama, nikiomba msamaha. Nani angeitika? Zilielea tu, ngumu, zikinigonga miguuni.

Banda tulifunga. Sasa Odhiambo anaishi Uriri, mbali na ziwa. Mke wake Akinyi humpaka mafuta asubuhi na jioni ili aweze kukunja mikono. Kucheka hawezi tena, uso hauruhusu.

Juzi Akinyi alinipigia simu. Alisema kuna mama alisimama langoni kwao mchana, nguo zinachuruzika, akakataa kiti, akakataa chai. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Bwana wako," aliuliza, "amekauka?"

Wewe unayenunua na kuuza, mtu akija kukuuliza habari za mtoto wake, usimwambie ni biashara. Mpe, na umpe siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa.