Gendis Kwenye Mlingoti wa Kumi na Saba

Rumanti ni kiguu na njia tangu alipojua kutembea. Alishona kola za mashati kiwandani miaka miwili, akachoka. Akauza keki za choroko stesheni, akachoka. Ndoa nayo, tuiache. Kazi ya kurusha mubashara harusi na mashindano ndiyo iliyomdumu, nadhani kwa sababu haimlazimishi kukaa. Hata hivyo programu za kurushia hazibadiliki polepole. Ile ya zamani ilikuwa nyepesi, haichemshi kompyuta, ila sauti zote zilibanana kwenye kitufe kimoja. Hii mpya ina vipimo vya rangi, kila maikrofoni ina mstari wake, na kuna kichujio cha kuondoa makelele. Aliiweka Alhamisi, akatia tiki kila mahali palipotilika, akajiona fundi.

Baba yake, Pak Tukiran, ni mtu wa tetere, njiwa wadogo wanaoshindanishwa kwa kuimba. Miaka thelathini hajakosa mashindano hata moja ya wilaya yao ya Bantul. Safari hii amevunjika nyonga, wiki ya tatu yuko kitandani, kwanza hospitali na sasa nyumbani, na sahani anaisukuma kama ilivyoletwa. Kwa hiyo Jumapili asubuhi Rumanti ndiye aliyembeba Gendis, tetere wa mzee, akalipandisha tundu lake juu ya mlingoti wa kumi na saba, akaifunga maikrofoni kwenye mlingoti huo huo. Mzee angesikiliza kwenye simu ya mama, Gendis angeimba, na mzee angepata hamu ya kula. Hilo tu ndilo alilolitaka Rumanti.

Raundi ya kwanza Gendis akaimba vizuri. Mwamuzi alisimama chini yake, kichwa upande, kisha akachomeka bendera ya alama mlingotini. Simu ya Rumanti ikalia papo hapo: baba yake, kwa simu yake mwenyewe.

“Nduk, mwanangu, mbona kanyamaza?”

“Nani kanyamaza, Pak? Kapata bendera!”

“Mimi namsikia mtangazaji tu. Usinidanganye ili nile.”

“Sikudanganyi! Sauti ni ndogo. Ngoja nirekebishe.”

Pak Tukiran anaamini, kama baba yake alivyoamini, kwamba tetere wa nyumba akinyamaza ghafla, mwenye nyumba hana siku nyingi. Halisemi ovyo jambo hilo, na ndiyo maana lilimtisha binti yake.

Akachomoa waya, akauchomeka upya. Akabadilisha betri. Akapandisha kipimo mpaka kikawaka chekundu. Mtangazaji akanguruma, mama akapiga ukelele huko nyumbani, na tetere kimya vilevile. Raundi ya pili ikapita hivyo. Rumanti alikuwa anakimbia mezani kwenye kompyuta, anarudi mlingotini, anakimbia tena mezani.

“Mbak Rum, dada yangu, utachimba mtaro hapo!” akasema Pak Suparlan, mwenye tundu la kumi na nane. “Wanashindana ndege, si wewe.”

“Cheka tu, Pak. Una bendera ngapi?”

“Sina.”

“Haya.”

Raundi ya tatu ilipokwisha baba akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule Rumanti hakuupenda hata kidogo.

“Usihangaike, Nduk. Kimya hiki nakijua, nilikisikia mwaka aliokufa babu yako. Mpe Suparlan ndege, anamtaka siku nyingi. Mimi nalala.”

“Usikate simu! Raundi moja tu, Pak. Nakuomba.”

Mzee akavuta pumzi. “Moja.”

Rumanti akavaa hedifoni, akairudisha nyuma rekodi ya raundi ya kwanza. Mtangazaji alisikika safi. Safi mno. Hakuna upepo. Muuza vitafunio vya kerupuk alikuwa anagonga debe lake hatua kumi kutoka pale, naye hayumo. Hakuna pikipiki hata moja, na Bantul isiyo na pikipiki ni Bantul gani? Kichujio! Programu inatambua sauti ya mtu tu, vingine vyote inaviita makelele na kuvifagia, na Gendis akafagiwa pamoja na pikipiki. Na tiki ile hakuitia mwingine. Akajitukana tusi nisiloweza kuliandika hapa, akaitoa.

Debe, upepo na pikipiki vikaingia kwa fujo. Raundi ya nne ikaanza, lakini Gendis sasa alikuwa anachokoa mbawa zake, hana habari. Dakika mbili. Tatu. Rumanti akazunguka mlingoti, akazunguka tena, midomo ikimcheza bila sauti. Kisha ndege akainua kifua: hurr, ketek, kuuung.

Sauti hufika nyumbani ikiwa imechelewa sekunde kadhaa. Alizihesabu zote huku akizunguka.

“Pak? Umesikia?”

Upande wa pili wa simu mtu alikuwa anavuta kamasi.

“Nimesikia,” mzee akasema. “Mwisho kauvuta sawasawa. Na wewe nimekusikia.”

“Mimi sijasema neno.”

“Ndala zako. Chapu, chapu, chapu, hazijatulia. Hivyo hivyo ulivyokuwa ukikizunguka kitanda changu hospitali. Nilikuwa macho, Nduk. Nilijifanya nimelala ili na wewe ukapumzike.”

Kwenye simu Rumanti akasikia kijiko kikigonga bakuli.

“Mama yako kaleta uji. Haya, mimi nakula. Na wewe kaa chini.”

Akakaa pale pale nyasini, chini ya mlingoti, na hakuinuka mpaka matundu yote yaliposhushwa.