Rangi Anazoziona Fundi Makochi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi. Kwa kukishika tu, alikwambia kitambaa kitadumu au kitachanika. Mwaka uliopita alifiwa na mkewe, ambaye ndiye aliyepokea wateja na kuwatolea vitambaa. Tangu hapo karakana ilipooza, na binti yao wa pekee akaamua kumtengenezea baba yake tovuti.

Jumamosi moja alikuja na kompyuta, akaitua juu ya kochi ambalo halijatiwa sponji.

"Baba, chagua. Kurasa ziwe nyekundu au kijani?"

Mzee akainama, akakodoa macho. "Zote nzuri, mama."

"Hilo ni jibu la mgeni, baba. Hii ni kazi yako."

"Basi hiyo ya kulia."

"Kwa nini?"

Mzee akashika nyundo, akairudisha. Akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa.

"Mwanangu, hizo mbili mimi sizitofautishi. Nimezaliwa hivyo. Zote kwangu ni udongo. Mama yako ndiye aliyekuwa macho yangu. Alikuwa akininong'oneza, 'Huyu anataka nyekundu, jora la juu.' Hakuna mteja aliyegundua."

Binti alikumbuka jinsi mama alivyomwekea baba shati na suruali kitandani kila asubuhi.

"Na mimi nilidhani ni mahaba tu," akasema.

"Sasa unadhani yalikuwa nini?"

Binti akafuta machozi, kisha akafuta na zile kurasa. Akaanza upya, akimwonyesha rangi moja baada ya nyingine, mzee akitikisa kichwa tu. Ilipotokea buluu nzito yenye maandishi ya manjano, akavuta kiti karibu.

"Hiyo! Hiyo naiona mpaka pembeni."

Wakaichukua hiyo hiyo. Chini ya kila picha ya kitambaa binti akaandika jina la rangi yake, maana huenda kuna wateja wenye macho kama ya baba. Halafu akazunguka rafuni akibandika majina kwenye majora, na mzee akimfuata nyuma, akiuliza hiki na kile kama mtoto.

"Na mlango wa jirani yetu hapo, ni rangi gani?"

"Kijani, baba."

"Lo! Miaka yote nawaelekeza watu: ukiona mlango mwekundu, umefika."

Wakacheka mpaka jirani akatoka kuchungulia.